Nafasi ya 92 na Barafu ya Barabara ya Mombasa

Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, Philip Boit alimaliza mbio za skii za kilomita 10 akiwa wa 92, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Tangu siku hiyo, kila Olimpiki ya Majira ya Baridi inapokaribia, hurudiwa hadithi ileile: Mkenya aliyeshika mkia, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, aliyechelewesha sherehe ya medali ili amsubiri mwisho wa njia na kumkumbatia. Ni hadithi nzuri, tena ya kweli. Boit hata alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Lakini imetuzoesha kuyachukua matokeo ya Kenya kwenye theluji kama kisa cha utu, tukayafumbia macho kama matokeo. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu. Leo nitaipiga, kisha nieleze kwa nini naamini jibu lake liko karibu na Jogoo Road ya Nairobi kuliko lilivyo karibu na Eldoret ya wakimbiaji.

Dæhlie alitumia dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25.5. Ukigawanya, bingwa alikuwa akimaliza kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 44, na Boit kwa dakika 4 na sekunde 44. Dakika mbili kamili kwa kila kilomita, mara kumi. Sasa weka kando yake takwimu nyingine, hii yetu wenyewe: Agosti 1997, miezi sita kabla ya Nagano, Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Brussels kwa dakika 26 na sekunde 27.85. Yaani yule Mnorway, akipanda na kushuka vilima ndani ya theluji, alikaribia kwa chini ya dakika moja kasi ya binadamu aliyekuwa hodari kuliko wote kwenye uwanja tambarare mkavu. Anayeielewa hesabu hiyo hawezi tena kudhani kwamba skii ni riadha ya watu wa baridi. Ni kazi nyingine kabisa.

Na dhana hiyo ndiyo iliyompeleka Boit Nagano. Kampuni ya Nike ilitaka kujua kama mkimbiaji wa Bonde la Ufa anaweza kugeuzwa mteleza skii, na mwaka 1996 Boit na mwenzake Henry Bitok wakapelekwa Finland. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo wa Mike Boit aliyeleta shaba ya mita hizo kutoka Munich mwaka 1972. Mapafu alikuwa nayo. Miguu alikuwa nayo. Alichokosa ni vitu ambavyo mtoto wa Norway huvipata kabla hajaanza shule: mizani ya kusimama juu ya mti mwembamba unaoteleza, mabega na kiwiliwili cha kujisukuma kwa fimbo, na ile saa ya mwili inayojua ni lini uache kusukuma uteleze tu, kwa kuwa kuteleza ni bure na kusukuma kuna gharama. Kisha kuna nta. Katika mtindo wa kale wa skii, sehemu ya katikati ya mti hupakwa nta inayong'ata theluji unapokanyaga na kuiachia unapoteleza. Nta ya theluji kavu haifai kwa theluji iliyolowa, na joto likipanda kidogo tu karibu na kiwango cha kuganda, kila kitu hubadilika. Timu kubwa zina mafundi wanaolala na kuamka na jambo hilo moja.

Miaka miwili ya mafunzo haikutosha kuziba pengo hilo, wala isingeweza. Ninachokipinga ni mtu kuitazama nafasi ya 92 akaamua kwamba imethibitisha Waafrika hawawezi barafu. Ilichothibitisha ni kwamba mtu mzima mmoja, hata awe na pumzi za ajabu, hajifunzi kwa miaka miwili kile ambacho wenzake wamekifanya kwa ishirini.

Siku hizo milango ilikuwa wazi zaidi. Baadaye Shirikisho la Kimataifa la Skii liliweka vizingiti vya alama, na vinastahili kueleweka maana ndivyo vinavyoamua nani atabeba bendera. Alama za mbio za masafa zinapimwa kwa umbali wa wakati wako kutoka wa mshindi: chukua asilimia uliyochelewa, izidishe kwa kigezo cha aina ya mbio. Katika mbio ambazo wachezaji huanza mmoja mmoja, kigezo ni 800. Boit alichelewa kwa asilimia 73, kwa hiyo mbio za Nagano zingempa alama 584. Kuelekea Pyeongchang 2018, kikomo kilikuwa alama 300 kwa wastani wa mashindano matano bora. Kwa lugha ya saa, angelazimika kumaliza Nagano kwa takriban dakika 37 na sekunde 41, pungufu kwa karibu dakika kumi. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka midomoni mwetu tunapozungumzia theluji. Nafasi inategemea ni nani wengine walijitokeza siku hiyo. Pengo la wakati ni lako peke yako, na linaonyesha kama unapanda au unashuka.

Boit alipanda. Salt Lake City 2002, katika mbio fupi za kilomita 1.5, alikuwa wa 64, na ni busara kwamba alijaribu mbio fupi, kwa kuwa mtu wa mita 800 ana mlipuko ambao kilomita kumi haziutumii. Alirudi tena Turin 2006. Kati ya mashindano alifanya mazoezi nyumbani kwenye lami, kwa skii zenye magurudumu, akipita barabarani huku watu wakimshangaa. Alipojaribu kufuzu kwa Vancouver 2010 hakufikia viwango, na hapo ndipo mlango wa Kenya katika skii za masafa ulipofungwa. Michezo minne akiitafuta, mitatu akashiriki, na siku alipoondoka hakuna Mkenya mwingine aliyekuwa amesimama nyuma yake akisubiri zamu. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, si penye nambari 92.

Miaka kumi na miwili ikapita kati ya Turin na Pyeongchang. Mwaka 2018 akaja Sabrina Wanjiku Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi na Mkenya wa kwanza katika skii za kuteremka milima. Yeye alihamia Austria akiwa mtoto mdogo wa miaka mitatu, akalelewa penye theluji na baba wa kambo aliyemfundisha mapema. Matokeo yake hayakupewa uzito unaostahili. Katika Super-G alimaliza wa 38. Super-G ni mbio za kasi, mteremko mkali, milango michache, na masharti ya kuruhusiwa kushiriki ni makali kuliko ya slalom, kwa sababu asiyejua anaweza kuvunjika shingo. Siku hiyo mshindi alikuwa Ester Ledecká wa Ucheki, aliyemshinda Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kuwa wa 38 katika orodha hiyo ni kazi ya mwanaspoti wa kweli. Huyu hakuwa mgeni aliyealikwa kupamba sherehe.

Tofauti ya Simader na Boit si kipaji. Ni umri wa kukutana na theluji. Na ukitazama Waafrika wengine utaona mstari huohuo. Shannon Abeda wa Eritrea alizaliwa Kanada. Mialitiana Clerc wa Madagascar alilelewa Ufaransa. Wanawake wa Nigeria walioshuka na kigari cha barafu Pyeongchang waliishi Marekani. Nchi nane za Afrika zilikuwepo kule, na kwa sehemu kubwa zilikuwa zimeazima watoto wao kutoka ughaibuni. Hakuna aibu katika hilo. Wanjiku ni wetu popote alipo. Lakini nchi inayosubiri mtoto wake alelewe Austria ndipo impe bendera haina mpango, ina bahati. Beijing 2022 bahati haikuja, na Kenya haikuwa na mtu. Kuanzia Nagano hadi Beijing kulikuwa na Olimpiki saba za Majira ya Baridi. Tulishiriki nne, kwa watu wawili tu, na kila mara mmoja peke yake.

Mmoja peke yake. Tunaiita timu ya taifa, na hiyo si timu. Mchezaji asiye na mwenzake hana wa kukimbizana naye Jumanne asubuhi, hana wa kumwambia kwamba goti lake linaingia ndani kwenye kona, na akiumia ndiyo nchi nzima imeumia.

Nitoe mfano ambao umekuwa ukinishughulisha sana. Ocala ni mji wa Florida, Marekani. Nchi tambarare, joto, mashamba ya farasi. Theluji huko ni habari ya kusoma. Katika mji huo kulikuwa na ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu na kocha mmoja, Renee Hildebrand, aliyewafundisha watoto mbio za magurudumu. Kutoka mikono yake walitoka Joey Mantia, Brittany Bowe na Erin Jackson, na wote watatu walihamia kwenye barafu wakiwa tayari watu wazima au karibu. Jackson alifuzu kwa Pyeongchang 2018 baada ya miezi michache tu ya kufanya mazoezi ya barafu, akamaliza wa 24 katika mita 500. Miaka minne baadaye, Beijing, alishinda mita hizo kwa sekunde 37.04, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Kuna kipande cha kisa hicho ambacho naomba kisipitwe haraka. Katika mchujo wa Marekani Jackson aliteleza vibaya, akakosa nafasi. Bowe, aliyekuwa ameshinda mchujo ule, akamwachia yake. (Baadaye nafasi nyingine ilipatikana na Bowe naye akashiriki.) Dhahabu ile iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwenzake, wa mji uleule, wa ukumbi uleule, wa kocha yuleyule. Boit alipojikwaa, nani angemwachia nafasi?

Magurudumu yanafanya kazi pale ambapo mapafu ya Eldoret yalikwama kwa sababu ya aina ya mwendo. Anayekimbia husukuma nyuma. Anayeteleza husukuma pembeni, akainama, uzito wote ukihamia mguu mmoja hadi mwingine, na kwenye kona huvusha mguu wa nje juu ya wa ndani. Mwendo wa viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja na ule wa viatu vya barafu ni ndugu wa damu. Bart Swings wa Ubelgiji, bingwa wa magurudumu, alipata dhahabu ya barafu Beijing. Kolombia, nchi ya joto yenye wakali wa magurudumu, iliwaleta Pedro Causil na Laura Gómez kwenye barafu ya Pyeongchang. Njia hii si ndoto, imeshakanyagwa.

Sasa twende Makadara, mashariki mwa Nairobi. Mtu wa Eastlands hahitaji kuambiwa juu ya viatu vya magurudumu. Jumapili jioni utawaona vijana wakipita kwenye lami, mikono nyuma ya mgongo, wakijikunja kwenye kona kati ya matatu na mkokoteni. Wengine hushika nyuma ya lori ili wavutwe, jambo ambalo polisi na wazazi wanapigana nalo na wana haki, maana ni hatari ya kifo. Ila tazama magoti yao. Tazama wanavyovusha mguu. Hakuna aliyewalipa, hakuna shirikisho lililowatafuta. Viatu vingi ni mitumba ya Gikomba, vimebadilishwa magurudumu mara kadhaa. Ule mwendo ambao Boit aliufuata Finland akiwa mtu mzima, mtoto wa Jericho au Maringo anaujua akiwa na miaka kumi.

Na barafu ipo. Ukitoka Makadara ukaikata Viwandani na Industrial Area, unatokea Barabara ya Mombasa, na pale kwenye Hoteli ya Panari kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005, wa kwanza Afrika Mashariki. Ndiko nyumbani kwa Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, iliyoanza na wageni wa Kanada na Marekani waliokumbuka mchezo wa kwao, kisha ikawa ya Wakenya, wengi wao vijana waliotoka kwenye magurudumu. Kwa miaka mingi walikuwa na tatizo ambalo sijawahi kulisikia katika mchezo mwingine hapa kwetu: hawakuwa na wa kucheza naye. Hakukuwa na timu ya pili. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwasafirisha hadi Kanada wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa mchezo huo, wakavaa jezi yao na kucheza upande wao. Septemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu likaipokea Kenya kama mwanachama mshiriki.

Uanachama huo ndio tukio kubwa zaidi katika historia yetu ya michezo ya baridi, kubwa kuliko Nagano, nami nasikitika kwamba ulipita kimyakimya. Kwa mara ya kwanza tunachokihesabu ni kundi: walinda lango, mabeki, watoto wanaofundishwa na kaka na dada zao, wanawake katika mazoezi yaleyale. Mmoja akiumia, mchezo unaendelea.

Lakini uwanja wa Panari ni mdogo kuliko ule wa kimataifa, wa mita 60 kwa karibu 30. Mchezaji aliyezoea nafasi ndogo hujifunza kupiga pasi za haraka na kugeuka upesi, jambo zuri. Akiingia kwenye uwanja kamili, mapafu na macho yake yanapotea. Tena ni mali ya hoteli. Korona ilipofunga milango mwaka 2020, mchezo mzima wa taifa ulikosa barafu. Uwanja mmoja wa kipimo kamili ungebeba hoki na pia mbio fupi za barafu, zile zinazokimbiwa kwenye mzunguko wa mita 111.12 ndani ya uwanja huohuo wa hoki. Kwa mbio ndefu kama za Jackson unahitaji mzunguko wa mita 400, na hilo silitegemei katika maisha yangu.

Najua jibu nitakalopewa, na si la kubezwa. Kuna nyumba Viwandani na Mukuru ambazo maji hununuliwa kwa mtungi. Kuna viwanja vya watoto vilivyomezwa na vibanda na kuta za watu wenye nguvu. Leo barafu ya nini? Nalichukua swali hilo kwa uzito wote, na ndiyo maana siombi serikali ya kaunti ijenge barafu. Mtambo wa kugandisha hula umeme mchana na usiku, na wenye biashara ndio wanaopaswa kupima kama unalipa. Ninachoomba ni sakafu. Ukumbi wa Ocala ulikuwa sakafu laini, kocha na ratiba. Makadara ina kumbi za kijamii zilizojengwa tangu enzi za mkoloni, ule wa Kaloleni ukiwa maarufu kuliko zote, ambamo vizazi vya vijana wa mtaa vilikutana kwa ngoma, siasa na michezo. Sakafu laini ya saruji, vizuizi vya kando, helmeti za kutosha na mtu anayejua kufundisha kona, saa mbili baada ya shule. Watoto wanaondoka nyuma ya malori, na hilo peke yake linatosha kuhalalisha gharama hata kama hakuna hata mmoja atakayeiona Olimpiki.

Kisha wachache wanaovuka, wale ambao saa inasema wana kitu, wapelekwe Barabara ya Mombasa kwa makubaliano na wenye uwanja: saa za asubuhi wakati barafu haina wateja, kwa bei ya wanafunzi. Kutoka huko, wawili au watatu waende kambi ya nje pamoja. Sisemi mmoja. Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki zina miradi ya kusaidia nchi chipukizi, na fedha hizo hutafuta nchi yenye orodha ya majina, si nchi yenye jina.

Olimpiki ya 2030 itafanyika katika Milima ya Alpi ya Ufaransa. Mtoto aliye darasa la tano Jericho leo hatakuwa amekomaa kufikia hapo, kwa hiyo mimi sitazami huko kwanza. Natazama mashindano ya vijana, na kabla ya hayo natazama karatasi ya nyakati za mzunguko ambayo ingebandikwa mlangoni kila Jumamosi: majina arobaini, nyakati za wiki iliyopita, nyakati za wiki hii. Tukiwa na karatasi hiyo kwa misimu mitatu mfululizo, mwandishi wa michezo atakuwa na kitu cha kuchambua siku bendera yetu itakapopita tena mbele ya theluji, na Kamati ya Kitaifa ya Olimpiki itakuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumchagua.